Vikabichi vilivyokataa kufunga: uchambuzi wa matuta mawili ya bustani ya nyumbani Njombe

Tuchukue bustani moja ya nyuma ya nyumba, nje kidogo ya mji wa Njombe, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, mwinuko wa karibu mita 2,000. Ina matuta mawili ya vikabichi vya Brussels, lile zao ambalo halifungi kichwa kimoja kikubwa kama kabichi tuliyoizoea, bali hubeba vichwa vidogo vingi, kila kimoja ukubwa wa ndimu changa, vimejipanga kuzunguka shina kuanzia chini hadi juu. Wenye maduka ya pembejeo huviita sprauti, sokoni utasikia "kabichi ndogo". Humu tutaviita vikabichi.

Ni katikati ya Julai. Tuta la kwanza lina mimea 20, inafika sentimita 80, majani mapana ya kijani iliyoiva. Mpita njia angelisifu. Lakini mimea 16 imelala upande, mingine imeegemeana, na ukifunua majani unakuta vikabichi vimefumuka: vitawi vya majani yaliyoachana, kama waridi la jana. Tuta la pili lina mimea 20 pia, mifupi zaidi, kama sentimita 60, rangi yake imepauka kidogo. Wala huhitaji kusogea karibu. Shina limejaa vikabichi vilivyobana, na ukikibonyeza kimoja kwa kidole gumba hakirudi ndani.

Mbegu ni ile ile, aina ya Long Island Improved, kutoka pakiti moja. Trei ya miche ni moja. Siku ya kupandikiza ni moja. Maji yanatoka bomba moja. Na mwenye bustani anakiri kwamba tuta lililoharibika ndilo alilolihangaikia zaidi.

Yaliyofanyika, kwa mpangilio wa tarehe

Novemba matuta yote mawili yalipewa chokaa ya kilimo, gramu 250 kwa kila mita ya mraba, kwa sababu udongo mwekundu wa nyanda hizo una tindikali na zao hili linataka pH (kipimo cha tindikali) ya 6.5 hadi 7. Hapo hakuna kosa. Chokaa ilikaa miezi zaidi ya mitatu kabla ya miche kufika, muda wa kutosha.

Mbegu zilisiwa tarehe 20 Januari, kina cha sentimita 1, zikaota ndani ya wiki moja. Miche ilipandikizwa tarehe 3 Machi ikiwa na wiki 6 na majani 5 halisi. Nafasi ilikuwa sentimita 60 kati ya mche na mche, na sentimita 70 kati ya mstari na mstari. Hiyo nayo ni sawa.

Tofauti inaanzia kwenye maandalizi ya ardhi. Tuta la pili lilikuwa na maharage yaliyovunwa mwanzoni mwa Februari. Mashina yalikatwa usawa wa ardhi, mizizi ikabaki, na kwa uvivu au kwa kukosa muda hakuna aliyelilima tena. Miche ilichimbiwa mashimo tu katika udongo ulioshikana. Tuta la kwanza lilikuwa tupu. Siku 3 kabla ya kupandikiza lililimwa kwa rato (jembe la meno) kina cha sentimita 30, likavunjwavunjwa mpaka mkono unazama hadi kifundo, na kila shimo likawekwa samadi ya kuku iliyokauka nusu, nusu ndoo ya lita 10. Nusu ndoo hiyo ni kama kilo 2.

Baadaye matuta yote mawili yalipata mbolea ya kupandia ya DAP kizibo kimoja cha soda kwa shimo, na mbolea ya kukuzia ya CAN vizibo 2 katika wiki ya 3 na vizibo 2 katika wiki ya 7. Mwanzoni mwa Juni, vikabichi vya tuta la kwanza vilipoanza kuonekana vimelegea, mwenye bustani aliongeza konzi moja ya CAN kwa kila mmea wa tuta hilo "ili vikaze". Tuta la pili, kwa bahati yake, halikuongezwa kitu.

Watuhumiwa wanaoachiwa huru mapema

Vikabichi vikifumuka, watu wa kwanza kulaumiwa huwa ni muuza mbegu na hali ya hewa. Mara nyingi lawama hizo ni za haki. Aina ya zamani kama hii haifungi kwa usawa kama chotara za F1, na katika mimea 20 utakuta 2 au 3 iliyo dhaifu kwa asili. Lakini mbegu mbaya ingeonekana kwenye matuta yote mawili. Haichagui tuta.

Joto ni mtuhumiwa mzito zaidi. Zao hili lilitoka kwenye baridi ya Ubelgiji, likabeba jina la mji wa Brussels, na tabia yake haijabadilika: hukua vizuri kati ya nyuzi 15 na 18 za Selsiasi, na vikabichi vikianza kuumbika wakati mchana unapanda kupita nyuzi 24 kwa wiki kadhaa, hufumuka na kuwa vichungu. Ndiyo maana Dar es Salaam au Mombasa huwezi kuvipata hata ungemwagilia maji ya barafu, ilhali Lushoto, Limuru, Kinangop na Njombe vinawezekana. Njombe kwenyewe lazima uchague mwezi. Ukipandikiza Julai, vikabichi vinaumbika Oktoba na Novemba, miezi ya joto na ukavu, na vitafumuka hata ukifanya kila kitu sawasawa. Mwenye bustani hii alipandikiza Machi, vikabichi vikaumbika Juni, wakati mchana haupandi sana kupita nyuzi 20 na usiku kuna sakitu (umande ulioganda) mabondeni. Majira aliyapatia, na tuta la pili ndilo shahidi wake.

Magonjwa? Mmea mmoja uliolala uling'olewa kukagua mizizi. Hapakuwa na vivimbe vinavyofanana na tangawizi, ambavyo ndivyo dalili ya ugonjwa wa uvimbe wa mizizi. Mizizi ilikuwa myeupe na mizima, ila michache na mifupi upande mmoja, na shina lilikuwa na uwazi katikati. Uwazi huo wa shina husababishwa na ukosefu wa madini ya boroni au na ukuaji wa kasi kupita kiasi. Boroni ingekosekana kwenye matuta yote mawili, maana udongo ni mmoja na chokaa ni ile ile. Hivyo tunabaki na kasi ya ukuaji, na kasi hiyo ina chanzo.

Hesabu ya naitrojeni

Katika nafasi ya sentimita 60 kwa 70, kila mmea unamiliki mita za mraba 0.42. Kipimo cha kawaida cha naitrojeni, kirutubisho kinachosukuma majani, kwa zao hili ni gramu 15 hadi 20 kwa mita ya mraba katika msimu mzima, yaani kila mmea unahitaji gramu 6 hadi 8.

Kizibo cha soda hubeba kama gramu 5 za mbolea ya chengachenga. DAP ina naitrojeni asilimia 18, CAN asilimia 26. Mmea wa tuta la pili ulipata gramu 0.9 kutoka DAP na gramu 5.2 kutoka vizibo 4 vya CAN. Jumla gramu 6.1, ongeza kidogo kilichoachwa na mizizi ya maharage. Yaani umelishwa kwa kipimo, bila mtu kukusudia.

Mmea wa tuta la kwanza ulipata hizo hizo 6.1. Kisha samadi ya kuku. Ikiwa na naitrojeni asilimia 2, kilo 2 zina gramu 40, na tukisema nusu tu ndiyo iliyoachiwa katika msimu huu, ni gramu 20. Kisha ile konzi ya Juni, kama gramu 40 za CAN, sawa na gramu 10 na ushee za naitrojeni. Jumla inapita gramu 36, mara 5 hivi ya mahitaji.

Sasa tuangalie kikabichi chenyewe ni kitu gani. Kila jani la mmea huu, pale kikonyo chake kinapoungana na shina, lina chipukizi kwapani. Chipukizi hilo ndilo kikabichi. Ni tawi lililofupishwa mno, majani yake yamekunjana kwa kupandana. Linabaki limebana kwa sababu majani ya nje yanakua polepole na ya ndani yanajaza nafasi yakiwa bado yamefungwa. Ukilipa naitrojeni nyingi wakati huo, unaliamsha litende kama tawi: majani ya nje yanarefuka, yanafunguka kutafuta mwanga, na likishafunguka halifungiki tena. Konzi ya Juni ilikuwa sawa na kumwagia mafuta taa moto uliokusudia kuuzima.

Kosa hili linatokana na mazoea ya sukuma wiki. Sukuma, kabichi, brokoli, koliflawa na vikabichi ni spishi moja, Brassica oleracea, na mtu aliyezoea sukuma ameona kwa macho yake kwamba CAN kila baada ya wiki mbili huleta majani. Naam, huleta majani. Kwenye sukuma jani ndilo zao. Hapa jani ni jiko la kupikia chakula cha kikabichi, na jiko likizidi ukubwa nyumba nzima hugeuka jiko.

Mimea minne karibu na bomba

Kama tungeishia kwenye mbolea, kisa kingekuwa chepesi. Lakini tumesema mimea iliyolala ni 16. Ile 4 iliyosimama iko mwisho wa tuta la kwanza, kwenye kona ambayo kwa miaka watu wamekuwa wakikatisha kwenda bombani. Rato haikuzama pale. Mlimaji alikwangua juu tu, akachimba mashimo 4 kwa sururu. Samadi mimea hiyo ilipata, nusu ndoo ile ile. Konzi ya Juni ilipata. Majani yake ni makubwa kama ya wenzake.

Na bado imesimama wima, na zaidi ya nusu ya vikabichi vyake vimefunga. Havikubana kama vya tuta la pili, ukivibonyeza vinarudi ndani kidogo, lakini vinalika na vinauzika.

Mimea 4 si ushahidi wa maabara, na yapo mambo mengine ya kona ile ambayo huenda yalisaidia. Ila inaoana na jambo ambalo wakulima wa Uingereza na Uholanzi wamelishikilia kwa muda mrefu: vikabichi hupandwa kwenye udongo uliokanyagwa. Wao huutembelea kwa visigino, hatua kwa hatua, kabla ya kupandikiza. Wapo wanaodai kwamba ugumu wa udongo husaidia tu mmea usilale, haufungi vikabichi. Hata kama ni hivyo, mmea huu hubeba uzito wake wote juu, kilo moja au zaidi ya vikabichi na majani kwenye fimbo moja. Katika udongo uliotifuka, upepo wa Mei na Juni unauyumbisha kila siku. Kila unapoyumba, vijizizi vinavyonyonya maji hukatika na tundu la hewa hutokea kuzunguka shingo ya shina. Ndiyo ile mizizi mifupi ya upande mmoja tuliyoiona. Mmea wenye mizizi iliyokatikakatika hula kwa kushtukiza: siku ya maji unashiba, siku ya ukavu unasimama. Kikabichi hakipendi maisha ya namna hiyo.

Kwa hiyo tuta la kwanza liliumia mara mbili. Liliandaliwa kama tuta la karoti, likalishwa kama sukuma.

Mimea miwili ya tuta la pili

Hata tuta zuri lina doa. Mimea 2 iliyo jirani na mlango wa jiko ina vikabichi vidogo mno, ukubwa wa punje ya njegere, toka chini hadi katikati ya shina. Imesimama vizuri, haina wadudu. Ukitazama shina lake utaona makovu: majani yake yote ya chini yamechumwa, na si yale ya njano, bali mabichi, tangu Mei. Mtu wa jikoni alikosa mboga jioni moja, akaona majani yanayofanana na sukuma, akafanya kama anavyofanya siku zote.

Majani hayo yanalika, hilo si tatizo. Tatizo ni kwamba kila kikabichi kinalishwa zaidi na jani lililo chini yake. Ondoa majani yaliyogeuka njano na yale yanayogusa udongo, basi. Mengine yaache mpaka kikabichi cha kwapani kifikie sentimita 2 hivi.

Namna ya kupandikiza

Tuta hulimwa miezi 2 au 3 kabla, mvua zilishikishe. Likiwa limetoka kwenye maharage au njegere, usililime kabisa. Samadi iliyooza vizuri, ya ng'ombe kwa kupendelea, kilo 3 hadi 4 kwa mita ya mraba, ichanganywe wakati huo huo wa kulima mapema na isisubiri siku ya mashimo. Usiiweke pamoja na chokaa siku moja, maana chokaa hufukuza naitrojeni ya samadi hewani kwa harufu ya amonia; zipishanishe kwa wiki 4.

Wiki moja kabla ya kupandikiza, kanyaga tuta. Lakini pima kwanza unyevu, kwa sababu udongo mwekundu ukikanyagwa umelowa unageuka tofali. Bana konzi ya udongo mkononi. Ukifanya donge linalovunjika ukiligusa kwa kidole, unafaa. Ukinata vidoleni kama wa mfinyanzi, subiri siku mbili. Kanyaga kwa kisigino, hatua fupi, mara moja kwenda na mara moja kurudi, kisha kwangua juu kwa reki kidogo ili mvua ipenye. Ugumu huu usikuletee maji yaliyotuama: tuta liwe limeinuka sentimita 15 na mfereji pembeni, hasa kwa miche ya Machi inayokutana na mvua nzito.

Miche izoeshwe nje kwa siku 7 hadi 10, ukipunguza maji na kivuli kidogo kidogo. Mche mzuri una urefu wa sentimita 10 hadi 15 na majani 4 hadi 6. Kabla ya kuupeleka shambani utazame katikati: mche usio na kilele, ambao moyo wake umeliwa au haukuota, hautazaa chochote hata ukiupalilia mwaka mzima. Mingi hupandwa hivyo hivyo kwa sababu hakuna aliyetazama.

Mwagilia trei saa 2 kabla. Pandikiza jioni au siku ya mawingu. Shimo liwe na kina cha kuufukia mche hadi karibu na majani halisi ya chini kabisa. Miche iliyorefuka kwa kukosa mwanga husaidika sana na kina hiki, kwa sababu shina lile jembamba linapata egemeo. DAP kizibo kimoja chini, funika na udongo wa vidole 3 ili isiunguze mizizi, ndipo uweke mche. Rudisha udongo, kisha kandamiza kwa ngumi pande zote mbili za shina. Ngumi hasa, siyo vidole. Acha kisahani kidogo kuzunguka mche, mimina lita 1 ya maji, na maji yakishazama kandamiza tena.

Kisha jaribio. Shika ncha ya jani moja la juu kwa vidole viwili, uvute taratibu kwenda juu. Kipande cha jani kikikatika mkononi mche ukiwa umetulia, umepandikiza vizuri. Mche ukisogea kabla jani halijakatika, fukua na uanze upya. Katika tuta la kwanza mwezi Machi, mche wowote ungeng'oka mzima na kukufuata mkononi. Jaribio hili la sekunde 5 lingeokoa miezi 4.

Sota, viwavi wa udongoni, hukata mche usiku usawa wa ardhi, na asubuhi unaukuta umelala. Kata chupa ya plastiki pete za urefu wa sentimita 8, visha kila mche, sentimita 3 zizame ardhini.

CAN vizibo 2 wiki ya 3, vizibo 2 wiki ya 7, sentimita 15 kutoka kwenye shina, udongo ukiwa na unyevu. Katika wiki ya 7 mimea ikiwa tayari ina kijani kizito, ruka hiyo awamu ya pili. Baada ya kuona vikabichi vya kwanza ukubwa wa punje ya harage, mfuko wa CAN ufungwe. Wiki hiyo ya 7 pia ndiyo ya kupandisha udongo kwenye shina, sentimita 10, na kuukandamiza.

Mvua zikikatika Mei, kila mmea unataka lita 8 hadi 10 za maji kwa wiki, kwa awamu mbili, na matandazo ya nyasi kavu unene wa vidole 4 yasiyogusa shina.

Wadudu, kwa kifupi

Katika kisa hiki wadudu hawakuwa chanzo, ila tuta la kwanza tayari limeanza kuwapata. Vidukari vya kabichi, vile vya kijivu vinavyoonekana kama vumbi la unga, hupenda majani laini yaliyolishwa naitrojeni, na huongezeka kiangazi. Kwenye kikabichi kilichofumuka vinaingia ndani ambako dawa haifiki. Vikiwa bado nje, vipukutishe kwa maji ya nguvu, kisha pulizia maji ya sabuni ya maji, mililita 5 hadi 10 kwa lita, ukilenga chini ya majani, urudie kila baada ya siku 5 hadi 7. Bila sabuni maji huteleza kwenye nta ya jani bila kugusa mdudu. Viwavi vya nondo mgongo almasi, vidogo vya kijani vinavyochachamaa ukivigusa, viokote kwa mkono au tumia dawa ya Bt (ya bakteria wanaoua viwavi) wakati vingali vidogo.

Cha kuokolewa Julai

Tuta la kwanza halitakuwa kama la pili, lakini si la kung'olewa. Kwanza kabisa, mbolea isimame, pamoja na ile ya maji ya samadi ambayo mwenye bustani alikuwa ameanza kuiloweka kwenye pipa. Majivu nayo hayatafunga kilichokwisha fumuka.

Kila mmea uliolala uinuliwe taratibu siku moja baada ya kumwagilia, ukiwa na mti wa sentimita 120 uliopigwa ardhini sentimita 30 upande wa upepo unakotoka. Funga sehemu mbili kwa vipande vya kanga kuukuu, fundo la umbo la 8, ili kitambaa kipite kati ya shina na mti. Pandisha udongo sentimita 10 hadi 15, kanyaga kwa kisigino.

Vikabichi vya chini vilivyofumuka viondolewe vyote. Vinakula chakula bure, vinafuga vidukari, na vikianza kuoza vinaambukiza vya juu. Usivitupe, vikatekate ukaange na kitunguu kama mboga ya majani. Vilivyobaki katikati ya shina, ambavyo bado ni vidogo kuliko karanga, vina nafasi ya kufunga sasa kwamba chakula kimepungua na baridi ipo.

Kukata kilele kunahitaji uangalifu. Ukikata moyo wa juu wa mmea, nguvu inayokwenda kwenye majani mapya inageukia vikabichi, na vyote vinajaa karibu kwa wakati mmoja, wiki 3 hadi 4 baadaye. Wakati wake ni pale vikabichi vya chini vinapofikia sentimita 1.5 hadi 2. Kwenye tuta la pili muda huo ulikuwa mwishoni mwa Juni kwa anayetaka kuvuna kwa mkupuo mmoja. Kwa familia inayotaka kula kidogo kidogo, heri kutokata kabisa. Kwenye tuta la kwanza tungesubiri wiki 3 hivi kwanza. Mmea ulioshiba naitrojeni ukikatwa kilele leo, nguvu ile yote itaingia kwenye vikabichi vya juu na kuvigeuza matawi. Kilele kinachokatwa kinapikwa, na wengi watakipenda kuliko vikabichi.

Tuta la pili livunwe kuanzia chini kwenda juu, kila baada ya siku 7 hadi 10, kikabichi kikiwa na kipenyo cha sentimita 2.5 hadi 4. Vunja kwanza jani la chini yake, kisha kisukume kikabichi pembeni kwa kidole gumba huku ukikizungusha; kinatoka kwa mlio mkavu. Mmea mmoja uliotunzwa hivi hutoa nusu kilo hadi kilo nzima katika wiki kadhaa. Usivune vyote kabla ya sakitu ya Julai kwa hofu ya baridi. Mmea huu hujilinda na kuganda kwa kuongeza sukari ndani ya majani yake, na kikabichi cha asubuhi baada ya sakitu kina utamu ambao cha kabla ya baridi hakiujui. Subiri tu kiyeyuke kabla ya kukishika. Na jikoni dakika 6 za maji yanayochemka zinatosha. Kikipita hapo kinatoa ile harufu ya salfa iliyowafanya watoto wengi wa Ulaya wakichukie maisha yao yote.

Msimu ukiisha, mashina yang'olewe na mizizi yake, yapondwe kwa nyundo au mgongo wa shoka, kwa sababu ni magumu kama mti na hayaozi kwenye mboji yakiwa mazima. Yenye vivimbe mizizini yachomwe. Matuta yote mawili yasirudishiwe sukuma, kabichi, brokoli wala figili kwa miaka 3 au 4. Tuta la kwanza bado lina naitrojeni ya kutosha mahindi mabichi bila kuongezewa chochote, na la pili lipandwe vitunguu. Mahali pa vikabichi vya mwaka ujao ni kipande kilicho kando ya uzio, ambacho sasa hivi kina njegere. Zikivunwa, zikatwe usawa wa ardhi, na rato ibaki stoo.